Aliyefungua Hakuwa Mwizi

Kila habari ya udukuzi inapotoka, macho yote humwelekea mdukuzi: ni nani, yuko nchi gani, katumwa na nani. Toleo hili linautazama mfumo wenyewe. Tumeanza na mifumo endeshi ya zamani kwa sababu ilikuwa midogo, hivyo kosa linaweza kusimuliwa lote, tangu lilipoingia hadi lilipoumbuka.

Chukueni CTSS, mfumo uliojengwa MIT, Marekani, chini ya Fernando Corbató, na kuonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1961. Watu wengi walitumia kompyuta moja kwa pamoja, na ndipo nywila zikahitajika, ili kila mmoja abaki na mafaili yake na muda wake. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu ambaye saa alizotengewa hazikumtosha, alipeleka kadi ya kuomba achapishiwe faili la nywila. Likachapishwa. Hakuvunja chochote: aliomba, akapewa. Siri hiyo alikaa nayo takriban robo karne.

Kisa cha katikati ya miaka ya 1960 kinanivutia zaidi, kwa kuwa hakina hata mtu wa kushuku. Programu ya kuhariri matini katika CTSS iliweka kazi inayoendelea kwenye faili la muda lenye jina lile lile siku zote. Ilipobuniwa, hilo halikuwa na ubaya, maana kila mtumiaji alikuwa na saraka yake na alihariri faili moja kwa wakati. Baadaye wasimamizi wa mfumo wakaruhusiwa kufanya kazi pamoja katika saraka moja. Siku moja msimamizi mmoja alikuwa akihariri tangazo la siku, mwenzake akihariri faili la nywila. Yaliyomo yakabadilishana. Kila aliyeingia kwenye mfumo akapokelewa na nywila za watu wote, wazi kabisa, mpaka mtumiaji mmoja mwepesi wa akili alipoiangusha mashine makusudi. Tafuteni mwenye hatia hapo. Kulikuwa na maamuzi mawili, kila moja likiwa na sababu yake nzuri, na aliyefanya la pili hakukumbuka kwamba la kwanza lilitegemea watu kutokuwa pamoja.

Wapo watakaosema huo ulikuwa utoto wa fani. Sikubaliani nao. Somo la nywila kuachwa wazi lilieleweka: Unix, mfumo endeshi wa baadaye, ilizihifadhi zikiwa zimesimbwa. Lakini watafiti Robert Morris na Ken Thompson walipochunguza nywila 3,289 na kuchapisha matokeo mwaka 1979, walikuta asilimia 86 ni rahisi kuzipata. 15 zilikuwa na alama moja tu! Mwanya ulikuwa umehamia kwa mtumiaji.

Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwana wa Morris huyo huyo, aliachia mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe, uliosambaa katika mashine za Unix. Njia yake mojawapo ilikuwa kubahatisha nywila. Nyingine ilipitia huduma ya mtandaoni iitwayo finger, iliyopokea maandishi kwa amri ya lugha ya programu ya C iitwayo gets. Amri hiyo haiulizi nafasi iliyopo inatosha herufi ngapi. Ukiipa maandishi marefu kupita kiasi, yanafurika katika kumbukumbu ya jirani na kufuta hata anwani inayoiambia programu iende wapi baadaye. Anayeyapanga vizuri maandishi hayo huandika anwani aitakayo yeye.

Ndiyo maana neno "uzembe", linalopendwa sana na ripoti za ukaguzi, limetumika kwa uchache katika kurasa zinazofuata. Gets ilifanya kazi sawasawa na ilivyokusudiwa na watu waliodhani anayeandika upande wa pili ni mwenzao wa maabara. Dhana hiyo iliacha kuwa kweli mapema sana. Amri yenyewe iliondolewa rasmi katika viwango vya lugha ya C mwaka 2011, miaka 23 baada ya mnyoo.