Mwanadamu Si Rula ya Ukuta

Wapiga picha za sanaa wakifika huku kwetu Usenge hupenda kitu kimoja: ukuta wa mabati, jua la jioni, na mtu aliyewapa mgongo. Ati mwili unaupa ukuta kipimo. Mimi nakataa. Kupima ni kazi ya rula.

Twende Thimlich Ohinga, kule Migori, palipoingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2018. Kuta zile ni mawe yaliyopangwa bila saruji, na milango yake ni mifupi: lazima uiname ndipo upite, ili adui naye aingie kichwa kikiwa chini. Waliojenga waliufikiria mwili. Picha ya mtu akiinama pale ina maana. Ya mtu aliyesimamishwa juani kama nguzo haina.

Halafu picha inatundikwa Nairobi. Jina la mpiga picha lipo, bei ipo. Mwenye mgongo je? “Mvuvi.” Jamani, mvuvi ana jina! Muulize nani aliijenga nyumba ile, mwandike kwa jina akikubali, mletee nakala yake. Ukishindwa, piga ukuta mtupu.