Funza wa Vitumba Hana Zao Moja

Wakulima wa pamba wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu wanamfahamu vizuri funza wa vitumba. Humkuta amezamisha kichwa ndani ya kitumba, kiwiliwili kikiwa nje, akila jasho lao. Lakini si wote wanaotambua kwamba ni huyo huyo anayetoboa nyanya bustanini, anayekula ncha ya gunzi bichi la mahindi, na anayetoboa maganda ya dengu na mbaazi.

Kosa letu ni kupambana naye zao kwa zao. Mkulima hupulizia dawa pamba yake, kwa kuwa ndiyo inayompa fedha, akaacha nyanya za pembeni zikiliwa. Funza akishiba huko hushuka udongoni, hujigeuza, kisha huibuka akiwa nondo. Usiku nondo huyo huruka kutafuta mimea yenye maua, akataga mamia ya mayai. Mahindi yakianza kukauka, huhamia kwenye pamba. Pamba ikikomaa, hukuta dengu inachanua. Mpaka wa shamba haumzuii.

Wala dawa peke yake si ngao. Funza akisha kuingia ndani ya kitumba, dawa haimfikii. Tena dawa ya aina moja ikitumika mfululizo humzoesha. Huko Australia mwaka 1983 ilibainika kwamba funza wa pamba wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi, zilizokuwa tegemeo la wakulima. Hapa kwetu, mkulima aliyekopa pembejeo akipulizia bila mafanikio hubaki na deni, na pamba hana.

Kwa hiyo hatuna budi kubadili mbinu. Wakulima wa kijiji kimoja na wakague pamoja mashamba ya mazao yote, kila juma, tangu maua yanapoanza. Dawa ipulizwe funza wakiwa bado wadogo, na aina yake ibadilishwe kwa ushauri wa wataalamu. Matunda yaliyotobolewa yaokotwe na kuharibiwa. Baada ya mavuno, shamba lilimwe mapema ili waliojificha udongoni wafukuliwe, waliwe na ndege.

Maafisa ugani nao wasingoje kuitwa. Anayekagua pamba na kuipita bustani ya nyanya bila kuitazama, kazi yake ameifanya nusu.