Kadi ya Nauli ni Mali ya Nani?

Wapo wataalamu wanaotufundisha kwamba adui wa usafiri mijini ni konda. Mpeni abiria kadi, wanasema, aigusishe kwenye mashine, na wizi wa nauli utakwisha siku hiyo hiyo. Sisi tuliopo Holili hatuna haja ya kubahatisha, kwani yaliyowafika jirani zetu ng'ambo ya mpaka tunayajua.

Mwaka 2013 kampuni ya Google ya Marekani, ikishirikiana na benki ya Equity, ilileta Nairobi kadi iliyoitwa BebaPay. Serikali ya Kenya nayo ikaagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Julai, 2014 matatu ziache kupokea fedha taslimu. Siku ikafika, konda akaendelea kukunja noti baina ya vidole vyake. Machi 2015 BebaPay ikafungwa.

Je, ulikosekana ufundi? Hata kidogo. Kadi hiyo haina hata betri. Hupata nguvu kutoka katika mashine yenyewe inaposogezwa karibu. Kilichokosekana ni haki. Dereva na konda wa matatu, sawa na wenzao wengi wa daladala, hawana mshahara wa kueleweka. Humpelekea tajiri hesabu ya siku, kisha hugawana kinachosalia. Nauli yote ikienda benki, tajiri amepata, benki imepata, na konda anaambiwa asubiri. Asubiri kwa mkataba upi? Mtu wa namna hiyo akiipinga mashine, anatetea chakula cha watoto wake, na kumwita mshamba ni matusi.

Juma lile lile, tarehe 6 Julai, 2014, mabasi ya London nayo yaliacha kupokea fedha taslimu, na jambo likafaulu. Lakini huko kadi ya Oyster ilikuwa mikononi mwa watu tangu 2003. Ilikuwa moja kwa mabasi na treni, chini ya mamlaka ya umma, na dereva alilipwa mshahara hata basi likienda tupu. Nairobi zilizuka kadi kadhaa, kila moja na mwenyewe.

Nasi tusiwacheke. Mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza Dar es Salaam, Mei 2016, kadi zilikuwapo. Zikatoweka, na abiria wakarudi kwenye foleni ya tiketi za karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mashine hawapendi kulitaja. Abiria laki moja wakiacha kila mmoja shilingi elfu moja ndani ya kadi, hizo ni shilingi milioni mia moja zilizolala mahali fulani. Zimelala kwa nani, na faida yake anakula nani? Mama anayepeleka ndizi sokoni Taveta, mwenye shilingi za nchi mbili katika pindo la kanga yake, hawezi kuikopesha kampuni hata senti moja bila riba. Fedha yake ya leo ndiyo mtaji wake wa kesho.

Basi anayetaka kutuletea kadi aanze na mkataba wa konda na dereva, wenye mshahara wa mwezi. Kadi iwe moja kwa magari yote, fedha zake zikae chini ya mamlaka ya umma, na salio lirudishwe siku abiria analolidai. Na mama wa ndizi aendelee kupokelewa sarafu zake mlangoni.