Mwanaume akisema ameacha kupiga, tumuulize mama

Sisi vijana wa Mubi tumekulia ndani ya nyumba za mbao. Kelele za jirani zinapita ukutani. Tulijua nani anapigwa na siku gani, tukawa tunaongeza sauti ya redio. Leo wengine wetu tuna diploma, kazi hatuna, tunashinda kwenye avenyu. Hatuwezi kusema hatukuona.

Tunamfahamu baba mmoja. Alisimama mbele ya watu, akatubu, tukampigia makofi. Mwezi wa tatu feza ya kasiterite ikaingia, akapitia kwenye lutuku, na usiku ule mama akalala kwa jirani. Kesho yake hakuna aliyemuuliza baba kitu, kwa sababu tulikuwa tumeshamuita mfano.

Haiko Mubi tu. Kati ya 2016 na 2018, huku mashariki mwa Kongo, shirika la IRC lilipima programu yake ya EMAP: wanaume wanakutana kila wiki, wiki 16, kujadili ukatili wa nyumbani. Wanaume walisema mawazo yao yamebadilika. Lakini wanawake walipoulizwa, majibu yao hayakuonyesha kwamba ukatili umepungua kuliko kwenye vijiji visivyopata programu.

Hatusemi mafunzo ni bure. Tunasema wiki 16 ni mwanzo tu, na mwenye kujua kama baba amebadilika ni yule anayelala naye nyumba moja.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu.

Baba aliyeacha asibaki peke yake. Wanaume wenzake watatu, wanne, wawe naye mwaka mzima, zaidi siku ya feza. Hasira ikipanda, atoke aende kwao usiku uleule, asingoje asubuhi kuja kuomba msamaha.

Mama aulizwe akiwa peke yake, na mwanamke anayemwamini, na bwana asijue alichojibu. Akisema imeanza tena, asilazimishwe kurudi.

Mapasta, mashefu, nyumbakumi: acheni kumaliza hizi kesi kati ya wanaume, juu ya mbuzi na kasiksi, mama akiwa jikoni. Kumsaidia mtu abadilike si kumficha.

Na sisi vijana? Wengi wetu tutaoa kesho, na tumejifunza ndoa kupitia hizo mbao. Wandugu, ukisikia kelele usiku wa leo, zima redio, ita wenzako wawili, mwende mgonge mlango.