Haki Isigeuzwe Sadaka



Katika mkutano wetu uliopita lilisemwa neno ambalo hatuwezi kuliacha lipite. Mzee mmoja wa chama chetu, ajida wa zamani aliyeacha mguu wake vitani, aliomba mambo matatu: meza katika ukumbi wa parokia kila Jumatano, pesa kidogo za kutolea nakala za karatasi, na vijana wawili wanaoandika Kifaransa vizuri. Kwa miaka mingi amewasaidia askari wenzake walemavu, pamoja na wajane wa wale waliokufa, kufuatilia malipo wanayoidai Serikali. Sasa macho yake yamefifia, naye hataki kazi hiyo ife pamoja naye. Baadhi yetu walimjibu kwamba hiyo ni siasa, kwamba chama cha sala hakina shughuli ofisini, na kwamba mfuko wa unga tunaowapelekea askari hao kila Noeli unatosha. Twasema wazi: jibu hilo halikuwa la Kikristu.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Askari hapati malipo kwa sababu tu amelemaa. Sharti awe na dosie, na ndani yake namba yake ya jeshi, hati ya mganga, na ushuhuda kwamba aliumia kazini. Mjane naye huulizwa hati ya ndoa na hati za kuzaliwa za watoto. Herufi moja ikikosewa katika jina, mtu mmoja amekwisha kuwa wawili katika karatasi, na kati ya hao wawili hakuna anayelipwa. Pengine kikosi chake kilivunjwa au kuchanganywa na kingine majeshi yalipounganishwa baada ya mwaka 2003, na mkuu aliyemjua hayupo tena duniani. Na neno la mwisho hutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa Lubumbashi, kwa mtu ambaye hata kupanda basi la mjini ni lazima abebwe. Katikati ya njia wamesimama wajanja wanaoahidi kuisukuma dosie, mradi wapewe nusu ya kitakachopatikana. Mzee wetu hapokei hata franga moja. Husoma karatasi, hutafuta shahidi, huandika barua, husubiri mlangoni, na akiambiwa arudi kesho, hurudi. Hiyo ndiyo siasa yake.

Pili, asituambie mtu kwamba tunaomba fadhili. Katiba ya 18 Februari 2006, katika kifungu cha 49, inawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna inayolingana na mahitaji yao. Hali ya askari ina sheria yake, ile ya 15 Januari 2013. Haki za watu wenye ulemavu zina sheria yake, ile ya 3 Mei 2022. Hata Wizara ya Ulinzi imebeba askari wa zamani katika jina lake. Sheria tunazo, na jina limeandikwa. Kinachokosekana ni mtu wa kulitoa neno katika karatasi na kulifikisha katika mkono wa mwenyewe.

Nchi yetu imezoea kuwakumbuka askari wake kwa ngoma na kuwasahau kwa mkate. Babu zetu wa Force Publique waliingia Tabora mwaka 1916, walipigana Saïo mwaka 1941, na wengine wakawauguza majeruhi hadi Burma. Mwezi wa Juni 2022, mfalme wa Ubelgiji alipokuja Kinshasa, alimvika nishani koplo Albert Kunyuku, mmoja wa wazee wa mwisho wa vita ile. Hatuidharau nishani. Lakini miaka zaidi ya sabini na mitano ilikuwa imepita tangu vita kuisha, na wenzake karibu wote walikuwa wamekwisha kuzikwa. Je, na hawa wa leo tuwangoje mpaka abaki mmoja?

Tatu, wale wanaosema unga unatosha wasome hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya utume wa walei, ya mwaka 1965, ambayo ndiyo msingi wa chama chetu. Inatufundisha kutimiza kwanza madai ya haki, ili tusimpe mtu kama zawadi ya mapendo kitu ambacho tayari ni chake. Mfuko wa unga ni mwema. Ila tukimpa mlemavu unga huku tukinyamazia malipo yake, tunamzoeza kutushukuru sisi kwa kipande cha kile anachonyimwa na wengine. Mtakatifu Yakobo aliusikia ujira uliozuiliwa ukimlilia Mungu. Sisi je, twaweza kuziba masikio kwa nyimbo za Noeli?

Mkumbukeni yule mgonjwa wa Bethzatha, katika Injili ya Yoane. Alilala kando ya maji, naye alikuwa mgonjwa kwa miaka 38. Maji yalikuwepo, na njia ya kuyafikia ilijulikana. Alichomweleza Yezu ni kwamba hana mtu wa kumtia majini. Askari wetu walemavu wako mahali hapo hapo, na mzee wetu amekubali kuwa yule mtu aliyekosekana.

Limebaki neno gumu kuliko yote, nalo tulisikia likinong'onwa: askari hao ndio waliotupora na kuwatendea mabaya mama na dada zetu. Hatulifichi. Wako miongoni mwetu waliotendewa hayo, na machozi yao ni ya kweli. Aliyetenda ahukumiwe mbele ya mahakama, kwa jina lake na kwa kosa lake. Lakini mguu uliokatwa si hukumu ya mahakama, na njaa ya mjane si adhabu iliyoandikwa katika sheria yoyote. Na askari asiyelipwa, anayeona mwenzake mlemavu akiombaomba sokoni, anajifunza nini juu ya bunduki aliyo nayo mkononi? Anayetaka askari wasiwapore raia, aanze kwa kudai walipwe.

Kwa hiyo twapendekeza mkutano ujao ulifungue tena shauri hili, na umpe mzee wetu meza, pesa za nakala na vijana wawili. Unga tuendelee kuupeleka. Lakini Noeli ijayo, tutakapobisha mlango wa mlemavu, tusimwulize tu kama ana chakula. Tumwulize pia dosie yake imefika wapi, nasi tuwe tunalijua jibu.