Mtoto Hana Mahali Kazini, Ndiyo Maana Anaachwa Garini



Tumekwisha kusema mengi katika ukurasa huu juu ya mishahara, buti na vumbi la saruji. Leo tunaandika juu ya watoto wetu wadogo, na wako watakaosema hayo ni mambo ya nyumbani, si ya chama. Wasome kwanza.

Msimu mmoja wa kukata miwa, upande wa Kenya, mama mmoja mwenzetu alifika shambani na mtoto wa miezi minane mgongoni. Nyapara akamwambia mtoto haruhusiwi penye kukatwa miwa. Hapo hakukosea, kwa kuwa panga halina macho. Lakini hakumwonyesha mahali pengine. Mama akamlaza mtoto kwenye kiti cha lori, vioo vikapandishwa kwa sababu ya vumbi na nzi. Dereva akafunga mlango akaenda kunywa chai, akidhani mama yuko karibu. Mama naye alidhani dereva yuko karibu. Utingo aliyerudi kuchukua spana ndiye aliyemkuta mtoto amelowa jasho, sauti imemkauka. Alipona. Sisi tuliokuwapo hatujasahau jinsi mlango ule ulivyokuwa wa moto mkononi.

Gari lililofungwa juani ni tanuri. Jua hupenya kioo, viti na bati hupata moto, na hewa ya moto haina pa kutokea. Watafiti wa Marekani walipima jambo hili na kutangaza matokeo mwaka 2005: kwa saa moja joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi juu ya lile la nje, na sehemu kubwa ya hizo ilipanda katika nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukusaidia kitu. Basi siku ya nyuzi 28 hapa kwetu, ambayo sisi huiita ya kawaida, ndani ya gari ni kama 50. Na mwili wa mtoto mdogo hupata joto mara tatu hadi tano upesi kuliko wa mtu mzima.

Septemba 2022, huko Al Wakrah nchini Qatar, ambako vijana wetu wengi huenda kutafuta kazi, msichana wa miaka minne alikufa ndani ya basi la shule. Alikuwa amelala, basi likafungwa naye akiwa ndani. Serikali ikafunga shule ile. Kutembea mpaka kiti cha nyuma kabla ya kufunga mlango kungechukua dakika moja. Madereva wa magari ya shule wa Busia na Tororo, ninyi pia ni wafanyakazi, dakika hiyo idaini katika ratiba yenu. Na mafundi wa gereji, magari mabovu yafungeni milango, maana watoto huingia kucheza wakashindwa kutoka.

Hatutaki kusikia mama akitukanwa kwamba hana akili. Mtu aliyetoka zamu ya usiku husahau hata jina lake. Mtoto akilala hanyamazi kwa makusudi ili asahaulike. Anayebeba mtoto garini aweke kiatu chake kimoja au kitambulisho cha kazi kando ya mtoto. Hawezi kwenda mbali bila hicho.

Lakini kiatu hakitoshi. Kenya ina Sheria ya Afya ya mwaka 2017, inayomtaka mwajiri aweke mahali pa kunyonyeshea kazini na kumpa mama muda wa kunyonyesha, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Wangapi kati yenu mmekiona chumba hicho? Uganda, Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo yenye malipo. Siku ya 61 mtoto bado hajajua kukaa, na mama yuko langoni.

Tunachodai hakihitaji mhandisi: banda lenye kivuli, maji, mikeka, na mama mmoja anayelipwa kuwaangalia watoto. Wajumbe wa matawi waliandike katika karatasi ya madai ya mkataba ujao, karibu na mishahara, si kule chini kwenye mengineyo.