Mkandarasi mpya, deni la zamani na mlango wa benki



Ijumaa moja, baada ya watu kutawanyika, alinifuata kijana mmoja wa jamaa zetu akiwa na bahasha mkononi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye mkono mzuri, na kwa mara ya kwanza alikuwa amepata kazi kwa jina lake mwenyewe: kutengeneza uzio na mageti kwa kampuni inayofanya shughuli katika eneo la Buzwagi. Kampuni hiyo ilimweleza sharti moja tu, kwamba malipo hayatolewi taslimu wala kwa simu. Yanaingizwa katika akaunti ya benki yenye jina la biashara. Akaunti hiyo hakuwa nayo. Aliogopa kwenda kuifungua kwa sababu miaka michache iliyopita alikopa kwa taasisi moja ya mikopo, akashindwa kumaliza marejesho, na tangu siku hiyo akaamini kwamba jina lake limefungiwa nchi nzima.

Ombi lake lilikuwa jepesi kulisikia. Fedha zipitie katika akaunti ya msikiti, naye ataacha asilimia 10 kwa ajili ya ujenzi wa madrasa.

Sitaficha kwamba katika kikao cha kamati ombi hilo lilipata watetezi. Mzee mmoja alisema kijana ni wetu, madrasa haina bati, na fedha ni za halali kwa kuwa ni jasho lake. Hoja hiyo ina huruma ndani yake. Walakini kamati ilikataa, na kwa kuwa najua ombi kama hili linapelekwa pia kwa kamati nyingine, kwa walimu wa madrasa na hata kwa mashemeji wenye akaunti, naona ni vyema sababu zetu zielezwe.

Fedha za msikiti ni amana. Waliozitoa walikusudia jambo maalumu, na wanaotia saini wanaulizwa hapa duniani kabla ya kuulizwa kesho. Malipo ya biashara ya mtu yakiingia humo, kumbukumbu zitaonyesha kwamba msikiti ndio uliofanya kazi ya uzio, na Mamlaka ya Mapato ikiuliza kodi ya kipato hicho itamwuliza mwenye akaunti. Benki nayo inabanwa na sheria ya mwaka 2006 ya kudhibiti fedha haramu; inapoona kiasi kisicholingana na shughuli za mteja ina wajibu wa kuhoji. Na lipo jambo zito kuliko hayo. Kijana huyo angefikwa na mauti fedha zikiwa kwetu, mjane wake angedai kwa hati gani? Hakuna mkataba, hakuna shahidi ila watu watano wa kamati, na huenda wawili wao hawakuwepo siku ile. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Sisi tulikuwa tunaombwa tufanye kinyume chake ndani ya nyumba ya Allah. Ile asilimia 10 nayo, kwa mtazamo wangu, haikuwa sadaka. Ilikuwa ujira wa kuazimisha jina.

Turudi kwenye hofu yake, kwa sababu ndiyo iliyozaa ombi lile, na wengi wanayo.

Kufungua akaunti na kuomba mkopo ni mambo mawili. Anayefungua akaunti anaikabidhi benki fedha zake. Benki ndiyo inayodaiwa. Deni la zamani lina uzito mkubwa pale unapoomba benki ikuamini kwa fedha zake: mkopo, ruhusa ya kutoa zaidi ya salio, au dhamana ya zabuni. Kwa akaunti ya kuweka na kutoa tu, kwa kawaida benki inataka kujua wewe ni nani na biashara yako ni ipi. Isipokuwa kama unadaiwa na benki hiyo hiyo, kwani fedha zikiingia humo inaweza kuzikata kufidia deni lake kwa mujibu wa mkataba ulioutia saini. Mwenye hali hiyo aende kwanza kuzungumza nao kuhusu deni, au afungue kwingine huku akiendelea kulilipa.

Karatasi zinazotakiwa si siri. Kitambulisho cha Taifa kutoka NIDA. Cheti cha jina la biashara au cha kampuni kutoka BRELA, ambako siku hizi maombi hufanyika kwa mtandao. Namba ya mlipakodi. Leseni ya biashara kutoka manispaa. Na aghalabu barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Kampuni huongezewa katiba yake na azimio la wakurugenzi linalotaja nani watatia saini. Kwa anayejiita mkandarasi wa ujenzi lipo la zaidi: Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 inamtaka asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ina madaraja saba, la saba likiwa la chini. Vijana wetu wengi wanalichukulia jambo hili kama hiari. Si hiari. Na aliyesajiliwa ana faida asiyoijua fundi wa mtaani, kwani Bodi hiyo ina mfuko wa kuwasaidia makandarasi wadogo kupata dhamana za zabuni.

Sasa deni lenyewe. Benki Kuu ilitunga mwaka 2012 kanuni za taarifa za wakopaji, na chini yake zimepewa leseni taasisi mbili, Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazokusanya taarifa hizo na kuwapa wakopeshaji. Kinachohifadhiwa humo ni historia: ulikopa kiasi gani, ulilipa lini, umebakisha nini. Si hukumu ya maisha. Mkopaji ana haki ya kuomba taarifa yake mwenyewe na kupinga lililoandikwa kwa makosa. Anza hapo, kabla ya kuhangaika na uvumi wa vijiweni. Unaweza kukuta deni ulilokwisha kulilipa bado linasomeka kwa sababu mkopeshaji hakupeleka taarifa mpya. Hilo hutibiwa kwa barua ya kumaliza deni, nawe ibakize nakala. Unaweza pia kukuta kideni ulichokisahau. Mikopo ya simu inadharauliwa kwa udogo wake, lakini huduma kama M-Pawa, iliyoanza mwaka 2014, nyuma yake kuna benki, na shilingi elfu thelathini isiyolipwa inaandikwa kama inavyoandikwa milioni thelathini.

Kuhusu ile mikopo ambayo watu wameipa jina la kausha damu, sina la kuongeza juu ya yanayojulikana. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa mtandao bila leseni. Anayetoka huko na kukimbilia mkopo mwingine ili alipe wa kwanza anahamisha moto kutoka chumba hiki kwenda kile.

Wapo wanaodhani kwamba wakienda katika benki ya Kiislamu watakuta ukurasa mweupe. Tunashukuru kwamba mlango huo upo: Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya sharia, na CRDB ilianzisha huduma ya Al Barakah mwaka 2021, jambo lililowarahisishia walio mbali na miji mikubwa. Lakini benki hizo zinasimamiwa na Benki Kuu ile ile na zinatazama taarifa zile zile. Ukitaka zikununulie mashine kwa murabaha, yaani zinunue kisha zikuuzie kwa faida inayojulikana, zitakuuliza ulivyolipa huko nyuma, na zina haki ya kuuliza. Deni ni deni katika dhima ya mtu hata kama alikopa kwa njia asiyoiridhia sasa. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni akasita kumswalia, mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake. Riba iliyozidi ni mjadala wa kufanya na mkopeshaji kwa adabu, na wapo wanaokubali kupunguza ili wapate rasilimali yao. Rasilimali yenyewe haina mjadala.

Kwa ambaye taarifa yake bado ina doa, ushauri wangu ni kuomba kidogo. Fungua akaunti isiyo na masharti mengi, usiulize habari ya mkopo, na pitisha humo kila shilingi ya kazi. Fundi anayepokea malipo mkononi kwa miaka 10 hana cha kuionyesha benki. Mwenye miezi sita ya mzunguko wa kweli anacho. Na vijana au akina mama wanaoweza kuungana wasiisahau ile mikopo ya halmashauri itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo kisheria haina riba. Inatolewa kwa vikundi, na kikundi nacho hutakiwa kuwa na akaunti. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 nayo imetenga asilimia 30 ya manunuzi kwa makundi maalumu, na zabuni zake hupitia mfumo wa NeST. Hakuna anayelipwa humo kupitia akaunti ya shemeji.

Sisi wa Kahama tunapaswa kuyafahamu haya kuliko wengine. Mgodi wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009 na kufika ukingoni mwaka 2021. Katika miaka hiyo palikuwa na waliosambaza mboga, waliofua sare, waliochimba mitaro. Ilipotungwa kanuni ya mwaka 2018 ya kuwapa Watanzania kipaumbele katika huduma za migodini, walionufaika ni wale waliokuwa na karatasi. Wengine wakawa vibarua chini yao, wakifanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya malipo. Leo eneo hilo limetengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi, na Bulyanhulu bado inafanya kazi. Kazi zitakuja tena, na masharti yake yatakuwa hayo hayo.

Kijana wetu alifungua akaunti yake baada ya siku chache, ya jina la biashara. Kuhusu deni alipewa utaratibu wa kulipa kidogo kidogo, na bado analipa.

Lipo swali aliloniuliza mama mmoja wa Geita, nalo linahusu kurasa hizi za familia moja kwa moja: je, mke awe mtia saini katika akaunti ya biashara ya mumewe? Hakuna kizuizi, na kwa fundi anayekaa porini wiki nzima ni jambo la busara. Ila ifahamike kwamba saini hiyo ni uwakala, na uwakala huisha mwenye mali anapofariki. Jina la biashara la mtu mmoja halimtengi na mali yake. Salio lililomo ni sehemu ya mirathi, pamoja na mishahara ya vibarua na fedha za wabia ambazo ni lazima zitolewe kwanza. Kampuni iliyosajiliwa iko tofauti, kwani haifi na mwanahisa. Kwa hiyo mke asiende benki kutoa fedha kwa kadi ya marehemu, hata kwa gharama za msiba. Achukue cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia, aende Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi, na aende na daftari la madeni kama mumewe aliliacha.